Wingu Lenye Tumbo la Kijani

Pale maktaba hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Gundi, na alishaitikia hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba ungemwita kwa jina alilopewa na wazazi angegeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Gundi yenyewe aliipika kila asubuhi kwenye sufuria dogo lenye mpini uliofungwa waya: unga wa wanga, maji, moto wa chini, na kukoroga bila kusimama, maana ukiipa mgongo kidogo tu imeshakuwa madonge. Harufu yake ilimwingia kwenye nguo na kwenye nywele. Dada yake alidai imemwingia hadi kwenye ulimi.

"Wewe ukikaa kimya kidogo tu," Dada alikuwa akimtania, "midomo inashikana. Hebu sema neno tuibandue."

Kazi yake ilikuwa kuponya vitabu. Aliingia pale msichana, akiwa mfagiaji. Fundi wa majalada wa enzi hizo, mzee mkali mwenye kikohozi, alimwona siku moja ameinama anaokota vipande vya karatasi sakafuni badala ya kuvisukumia kwenye kizoleo, akamwita chumbani kwake na kumpa sindano. Mzee alikuwa na sharti moja: kitabu kikishakuwa mezani, fundi hasomi. Fundi akianza kusoma atasahau uzi, na mshono utaenda upogo. Karatasi ilazwe kifudifudi, uso chini, mgongo juu, ikwanguliwe gundi ya kale kwa kipande cha mfupa, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi. Mzee alikufa, sharti likabaki. Ungemuuliza Bi Gundi kitabu fulani kinahusu nini, angekujibu kwamba kimeshonwa kwa uzi wa kitani, mishono mipana, na aliyekishona alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Ya ndani hakuyajua, wala hayakumkosesha usingizi.

Aliishi na Dada yake katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala. Mume wa Bi Gundi alishatangulia mbele ya haki, na Dada hakuwahi kuolewa. Alisema watoto wa darasani walimtosha, na wengine walizidi. Alikuwa mwalimu wa jiografia mpaka alipostaafu, kisha miguu ikaanza kumfanyia vituko, leo mmoja kesho wa pili, hadi akawa mtu wa kitandani. Kichwa kilikuwa kizima. Kizima mno, Bi Gundi alifikiri wakati mwingine, maana kilikuwa hakipumziki. Dirisha la chumba chake lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungenyoosha fimbo ungeugusa.

Na sasa nikwambie habari ya wingu, kwani bila hiyo mengine yote hayana kichwa wala miguu.

Dada alipokuwa mwanafunzi, mwalimu wao aliwapeleka maktaba, wamepanga mstari wameshikana mikono. Katika ukumbi wa mbele kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake kitabu kikubwa kimefunguliwa. Kilikuwa kitabu cha mawingu. Mtu mmoja wa zamani sana, mpimaji wa hali ya hewa, alikuwa akipanda juu ya paa la ofisi yake kila alasiri na kuchora anga la mji ule kwa rangi za maji, nyepesi kama pumzi kwenye kioo. Chini ya kila picha aliandika lile ni wingu gani na lilileta nini. Ukurasa uliokuwa wazi siku hiyo ulikuwa wa wingu la mvua ya mawe. Lilikuwa jeusi kichwani, na tumbo lake lilikuwa la kijani. Wenzake walipita. Yeye alibaki pale pua imegusa kioo, hadi mwalimu akarudi kumvuta mkono.

Ndiyo picha iliyomfanya awe mwalimu. Na miaka yote aliyofundisha, alipofika kwenye somo la mawingu, alichora kwa chaki nyeupe ubaoni kisha akawaambia watoto: "Hapa tumboni wekeni kijani vichwani mwenu, chaki ya kijani sina."

Siku moja akaja mkaguzi wa shule, mtu wa tai na viatu vinavyolia, akakaa nyuma ya darasa. Aliposikia kijani, akasimama.

"Mwalimu, samahani. Wingu la kijani umeliona wapi?"

"Kwenye kitabu, bwana mkaguzi. Kipo maktaba."

"Kinaitwaje?"

Hakujua. Alikuwa mtoto alipokiona. Alitazama wingu, jina la kitabu hakulitazama. Mkaguzi akawageukia watoto, akatabasamu. "Mtuambie na nyinyi, kuna aliyeona ng'ombe wa buluu?" Watoto wakaangua kicheko, unajua tena, mkubwa akitania lazima watu wacheke. Kuanzia hapo akawa Mwalimu Wingu la Kijani. Jina likatoka shuleni likaingia mtaani. Alikwenda maktaba akitafuta ushahidi wake, akakuta sanduku la kioo limeondolewa na kitabu kimefungiwa kwenye chumba cha vitabu adimu. Chumba kile kiliingiwa na watafiti wa vyuo vikuu peke yao. Mwalimu wa shule ya msingi? Akaambiwa asante kwa kufika.

Utasema, si mdogo wake alikuwa mle mle ndani? Alikuwemo. Lakini Bi Gundi aliletewa vitabu vinavyougua tu, na kitabu cha mawingu hakikuwahi kuugua. Kilishonwa imara, kikakaa kabatini kizima kama jiwe.

Kwa hiyo Dada akazeeka na wingu lake. Na kadiri alivyozeeka, ndivyo shaka ilivyomnyemelea.

"Labda ni kioo," alisema jioni moja akilishwa uji. "Labda kile kioo ndicho kilikuwa cha kijani. Au niliota?"

"Dada, juzi fundi kamera wetu kanionyesha kwenye simu. Mawingu ya kijani yapo. Huko nchi za watu yanapigwa picha kila siku."

"Kwamba yapo duniani, hilo najua. Mimi siulizi dunia. Nauliza kama nililiona mimi, kwa macho yangu haya, siku ile." Akafuta kidevu kwa kiganja. "Maisha yangu yote nimewaambia watoto wa watu kitu. Nataka kujua kama niliwadanganya."

Huyo fundi kamera aliyetajwa alikuja maktaba na mradi mpya. Mkurugenzi aliwaita wafanyakazi wote ukumbini akawatangazia kwamba vitabu vya kale vya sayansi, vya nyota, vya mimea, vya homa na vya mawingu, vitapigwa picha kimoja baada ya kingine na kuwekwa kwenye mtandao, ili kila mwenye simu avisome bure, awe mtafiti, awe muuza nyanya. Watu walipiga makofi. Bi Gundi hakupiga. Mikono ilikuwa imeshikilia ubao wa kiti. Aliwaza kitu kimoja tu: Dada atalitazama wingu lake akiwa kitandani.

Kulikuwa na kikwazo. Vitabu vile vilikuwa vikavu na vigumu, havilali chali, na kamera inataka karatasi iliyonyooka. Ilibidi vifumuliwe, karatasi zipigwe picha moja moja, kisha vishonwe upya. Na wa kufumua bila kuchana alikuwa mmoja.

"Utavishona tena vyote, Bi Gundi," Mkurugenzi alisema. "Nakuahidi mbele ya watu hawa." Hakuwa mtu mbaya, Mkurugenzi. Wakati anaahidi alikuwa anamaanisha.

Basi Bi Gundi akaanza kufumua. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito. Maisha yake yote alishona. Kukata uzi wa mtu aliyekufa zamani na kuuona mgongo wa kitabu unafunguka kama ndizi iliyomenywa kulimfanya aweke kisu chini mara mbili. Lakini alijikaza, na fundi kamera alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye mashavu na utani, akamchangamsha.

"Mama, huyu naye umeshamvua nguo?"

"Nimemvua. Mpige picha haraka umfunike, asipate baridi."

"Na akitaka kuona alivyotoka?"

"Mwambie alikuwa mzuri zaidi amevaa."

Siku moja fundi kamera alimwita aje aone kwenye skrini kubwa jinsi kitabu cha mimea kilivyotokea. Bi Gundi alifuta mikono akaenda. Akauona ukurasa umekuzwa, mkubwa kama mlango: mchoro wa mzizi, na pembeni mwa mzizi doa la kahawia. Ndani ya doa, mistari ya kidole gumba. Alikitambua kidole kile. Kitabu hicho alikitibu yeye miaka yake ya mwanzo, alipokuwa bado anapaka gundi kama mtu anayepaka mkate siagi.

"Hii dunia nzima itaona?" aliuliza.

"Ndiyo raha yake, mama. Mpaka wale wa ng'ambo."

Aibu ilimpanda toka miguuni. Alimwona mzee wake mwenye kikohozi amesimama nyuma yake anatikisa kichwa. Fundi wa majalada akifanya kazi yake sawasawa haonekani. Ndiyo fahari yake pekee. Na hapo alionekana, kidole kizima, mbele ya walimwengu.

"Mwanangu, hiyo mashine yako haiwezi kufuta madoa?"

"Hiyo? Rahisi kuliko kunywa maji." Akabonyeza, akabonyeza tena, na ukurasa ukawa mweupe kama shuka lililoanikwa juani. Mzizi ulikuwepo, mweusi, safi. Doa halikuwepo, kidole hakikuwepo. "Inatafuta rangi iliyopauka juu ya karatasi, inaiondoa. Unataka niiache iwe inasafisha kila kitu kinachopita?"

"Iache," Bi Gundi alisema. Akashusha pumzi. "Iache hivyo hivyo, Mungu akubariki."

Kilichofuata mezani kwake kilikuwa kitabu cha mawingu.

Alikifahamu kwa ukubwa wake. Alinawa mikono upya. Alikifungua jalada, akakilaza kifudifudi kama alivyofundishwa, akaanza kukata uzi kutoka mgongoni. Kilikuwa kimeshonwa vizuri mno. Aliyekishona hakuwa na haraka ya kwenda popote. Karatasi ziliachana moja moja, na kila moja aliipokea kwa mgongo wake, akakwangua ukingo, akaiweka juu ya nyingine. Kwa nyuma aliona unyevu wa zamani wa rangi, vivuli tu visivyo na umbo. Kuna mahali mkono ulisimama. Ulishashika pembe ya karatasi, tayari kuigeuza.

Hakuigeuza. Mzee alikataza, hilo ni moja. La pili lilikuwa lake mwenyewe: aliona si haki aone yeye kwanza. Dada alisubiri toka utotoni. Yeye ni nani wa kumtangulia? Wataliona pamoja, kwenye simu, mto nyuma ya mgongo wa Dada, miwani imefutwa. Alicheka peke yake akifikiria hivyo. Akazifunga karatasi kwa utepe, akazipeleka kwa kamera.

Siku zikaenda. Bi Gundi akawa anauliza.

"Mkurugenzi, nianze lini kushona?"

"Uzi umeagizwa, Bi Gundi."

"Uzi ninao."

"Basi kitambaa cha majalada kimeagizwa."

"Kitambaa nacho ninacho, kipo kabatini."

"Wewe mama!" Mkurugenzi akacheka. "Endelea kufumua kwanza. Kamera ikisimama wafadhili wananipigia simu. Ukishona, nani afumue?"

Bi Gundi akarudi mezani kufumua. Mafurushi yakateremshwa ghala la chini, moja juu ya jingine, yamefungwa tepe kama nguo za mtu anayehama. Kila alipopita mlango ule aliyaambia kimoyomoyo: subirini, nakuja.

Wakati wa mapumziko ya mwisho wa mwaka bomba likapasuka ghalani. Hakuna aliyekuwepo kulisikia. Waliporudi kazini maji yalikuwa yamefika kwenye magoti, na mafurushi ya chini yalikuwa yamevimba, mengine yanaelea. Bi Gundi aliingia na viatu vyake. Alilitafuta furushi la mawingu akipapasa ndani ya maji, akalipata kwa ukubwa wake, akalinyanyua kifuani. Maji yaliyotiririka kutoka humo yalikuwa na rangi ya chai iliyokosa maziwa. Alipolifikisha juani na kujaribu kutenganisha karatasi ya kwanza kwa ncha ya mfupa, ilitoka bila shida. Haikuwa na kitu. Rangi ilishakwenda. Ya pili vivyo hivyo, ukungu wa kijivu uliochanganyika wote, kama maji ya kuoshea brashi. Aliendelea mpaka zilizobaki zikaanza kuchanika, akaacha.

Mkurugenzi alikuja akasimama karibu naye, suruali imelowa.

"Pole, Bi Gundi. Pole sana. Lakini tushukuru. Picha tunazo."

"Picha tunazo," Bi Gundi aliitikia. Alilikamata neno hilo kama mtu anayekamata tawi. Mafurushi yaliyolowa yakatolewa kwa toroli yakatupwa, na yeye akasaidia kusukuma. Nyumbani hakusema kitu. Alijiambia ya nini kumtia mgonjwa simanzi, wakati wingu lenyewe liko salama, limehifadhiwa mahali ambapo maji hayafiki?

Tovuti ilifunguliwa Ijumaa, kwa hotuba. Jumamosi mchana Bi Gundi alitandika shuka safi, akamkalisha Dada, akamwekea mito miwili. Dada alitaka kitana. Kisha akataka kitambaa chake cha kichwa, kile cha kutokea.

"Unakwenda wapi, Dada?"

"Nasubiri mkaguzi," Dada alisema. "Leo aje tu. Mlete."

Simu ya Bi Gundi ilikuwa na ufa kwenye kioo, lakini ilisomeka. Ukurasa wa kwanza ukafunguka: jina la kitabu, maandishi meusi, makali, kama yamechapwa jana. Dada alilisoma jina kwa sauti, polepole, akalirudia. Miaka yote ile, na sasa angeweza kumjibu mtu kinaitwaje.

"Endelea."

Ukurasa uliofuata ulikuwa na fremu nyembamba iliyopigwa mstari, na chini yake maelezo kwa mwandiko mzuri: wingu jepesi, halikuleta kitu. Ndani ya fremu palikuwa peupe.

"Haya," Dada alisema. "Halikuleta kitu kweli. Siku hiyo anga lilikuwa safi."

Bi Gundi akatelezesha kidole. Fremu nyingine, maelezo mengine, weupe. Akatelezesha tena. Weupe. Akarudi nyuma akidhani simu imegoma, akaizima akaiwasha.

"Labda mtandao," alisema. "Labda picha zinachelewa kushuka."

"Mbona maandishi hayachelewi?"

Kidole cha Bi Gundi kikawa kinapita kurasa bila kuzisoma, mpaka Dada akamshika mkono. "Hapo. Simama hapo." Chini ya fremu paliandikwa: wingu la mvua ya mawe, alasiri. Na ndani ya fremu, juu kabisa, mahali wino au rangi ilipokuwa nzito kuliko pote, kulibaki mikwaruzo michache myeusi, kama nywele zilizoangukia kwenye beseni. Chini yake hapakuwa na tumbo. Palikuwa peupe, safi, pamefuliwa.

Bi Gundi alijua kabla hajauliza mtu. Aliutambua weupe ule. Ni yeye aliyeubariki.

Jumatatu alimkuta fundi kamera anafunga nyaya, mradi umekwisha. Alimweleza. Fundi akafungua kompyuta, akatazama, na mashavu yake yakaanguka.

"Ni ile ya kusafisha, mama. Ilidhani ni madoa. Rangi ilikuwa imepauka mno, mashine haijui doa na wingu."

"Zile picha za mwanzo, kabla ya kusafisha?"

"Tulifuta. Zilikuwa nzito, nafasi haikutosha. Mkurugenzi alisema zibaki zilizo safi."

"Wewe uliliona, mwanangu? Lile la mvua ya mawe. Ulipolipiga, kwenye karatasi yenyewe. Tumbo lilikuwa la rangi gani?"

Alikuna kichwa. Alitaka kusaidia, hilo lilionekana. "Mama, nisikudanganye. Mimi natazama kingo. Nikiona karatasi imenyooka, nabonyeza, naweka nyingine. Masikioni nilikuwa na redio."

Bi Gundi akaenda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alisikitika kweli, alivua miwani na kusugua macho. Akasema lakini maelezo yote yamesomeka, na hilo nalo ni jambo. Akasema hadi sasa hakuna msomaji aliyelalamika. Bi Gundi alipomuuliza kama yeye aliwahi kukifungua kitabu kile, hata mara moja, alifikiri kidogo akasema alikusudia sana.

Bi Gundi alitembea kwenda nyumbani kwa miguu. Njia nzima alikuwa anatafuta sentensi, na kila aliyoipata ilikuwa na mlango wa kutorokea. Mashine imekosea. Fundi kamera amekosea. Wafadhili, haraka, bomba. Zote zilikuwa za kweli, ndiyo ubaya wake.

Dada alikuwa amekaa, kitambaa bado kichwani.

"Haya, wamesemaje?"

"Mashine ilisafisha kurasa. Ikaona rangi ni uchafu."

"Na kitabu chenyewe? Si kipo, wapige tena?"

Akamwambia habari ya bomba, na toroli. Dada alisikiliza huku akikunja na kukunjua ukingo wa shuka. Kisha akaanza kumlaani fundi kamera: mtoto wa watu gani asiye na macho, nani kampa kazi, nani kamwambia asafishe kitu cha wenyewe, hivi kwao akiona mama yake ana mvi anampaka rangi?

"Dada."

"Niache! Nani kamwambia asafishe?"

"Mimi."

Nje kwenye karakana mtu alikuwa anapiga randa. Randa ilikwenda, ikarudi, ikaenda.

"Kulikuwa na kidole changu kwenye kitabu cha mimea," Bi Gundi alisema. "Cha gundi. Niliona aibu. Nikamwomba afute, akaniuliza kama aache mashine ifute kote. Nikasema iache."

Dada alimtazama mdogo wake kama vile wanavyotazama walimu mtoto aliyeelewa somo vibaya tangu mwanzo wa muhula.

"Lakini wewe ndiye uliyekifumua," alisema hatimaye.

"Ndiye mimi."

"Karatasi ile ilikuwa mkononi mwako."

"Ilikuwa."

"Basi yaishe. Hayo ya mashine tuyaache, ya bomba tuyaache." Alisogea mbele kutoka kwenye mito, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake, na uso wake ukawa na tumaini ambalo Bi Gundi alitamani asingeliona. "Niambie tu. Lilikuwa la kijani?"

Kulikuwa na njia moja ya huruma, naye akaifuata.

"Lilikuwa la kijani, Dada."

"Kijani gani?"

"Kama… kijani tu. Cha majani. Majani mabichi."

Dada akabaki amesogea vile vile, lakini kitu kikazimika. "Hapana," alisema taratibu. "Kama lilikuwepo, halikuwa hivyo. Lilikuwa kama chupa iliyokaa mchangani. Mdogo wangu, hujawahi kujua kudanganya, hata tulipokuwa watoto mimi ndiye niliyekuwa nadanganya kwa ajili yako. Ulilitazama?"

"Liliingia mezani kifudifudi."

"Ulilitazama?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Nilitaka tulione pamoja."

Randa ikasimama. Dada alirudi kwenye mito, kidogo kidogo, akitumia viwiko, na Bi Gundi alipotaka kumsaidia akamwondoa mkono bila hasira. Akavua miwani. Akavua na kitambaa cha kichwa, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya kiti.

"Basi tuseme halikuwepo," alisema.

"Dada, lilikuwepo. Mtoto hawezi kujitungia…"

"Mkaguzi alisema halikuwepo, na mimi sina cha kumwonyesha. Tuseme kilikuwa kioo. Tuseme nilijitungia. Nimechoka kulibeba peke yangu, nataka kulitua." Alifumba macho. "Na wewe ukiulizwa, sema hivyo hivyo."

Bi Gundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alitaka kukataa, alitaka kula kiapo kwamba aliliona, tumbo lote, rangi ya chupa iliyokaa mchangani; maneno yalikuwa mdomoni, na kila alipoyagusa yalikuwa ya Dada, hayakuwa yake. Dada aligeukia upande wa ukuta. Baada ya muda alisema, bila kufungua macho, kwamba shuka linamkwaruza, na Bi Gundi akainuka kulinyoosha.